Faili Limetoka, Nani Kalipokea?

Kwenye duka la fundi kompyuta mmoja Kariakoo kuna diski ya nje iliyofungwa raba ya njano, na ndani yake folda moja yenye jina MUHIMU. Mteja akileta laptop "ipigwe Windows", fundi huichomeka diski hiyo, hufanya yake kwa dakika arobaini hivi, kisha kabla ya kufunga kifuniko huipitia ile folda na kuweka vitu ambavyo mteja hakuviomba ila kesho ataviulizia akivikosa: kivinjari, programu ya kufungulia PDF, na VLC ya kuchezea filamu. Nikiwa kwenye benchi lake nasubiri laptop yangu, nilimuuliza hiyo VLC aliitoa wapi. Akacheka. Aliipakua mwenyewe mara moja, zamani, kwa bando la usiku. Kwa siku hupitisha laptop tano hivi, siku sita kwa wiki. Ukipiga hesabu, mwaka mmoja unazidi laptop 1,500. Kwenye kumbukumbu za seva iliyompa faili lile, fundi huyu na wateja wake wote ni mstari mmoja.

Sasa twende upande wa pili. Januari 2025, kwenye maonyesho ya CES kule Las Vegas, VideoLAN, shirika la Ufaransa lisilo la faida linaloitunza VLC, lilitangaza kwamba programu hiyo imeshapakuliwa mara bilioni 6. Mwaka 2019, kwenye maonyesho hayo hayo, ilikuwa bilioni 3. Dunia nzima ina watu bilioni 8 na kidogo. Namba ile ukiifanya ya watu, unapata karibu watatu katika kila wanne, watoto wachanga na wazee wa vijijini wakiwemo. VideoLAN hawakusema hivyo, walisema imepakuliwa. Tunaoibadilisha kuwa "ina watumiaji bilioni 6" ni sisi tunaosoma na wenzetu tunaoandika vichwa vya habari.

Kariakoo namba inapunjwa, kwingineko inavimba. Mtu angetamani punjo na uvimbe vifutane ili tubaki na ukweli katikati. Havifutani, kwa sababu havitokei mahali pamoja. Windows ina njia yake ya kupata programu, Linux yake, simu yake, seva zake, na kila njia ina karani wake anayehesabu kwa mtindo wake. Ukizijumlisha namba za njia hizo nne, unakuwa umejumlisha magunia, madebe na vibaba bila kubadilisha vipimo.

Kwa programu za kuuzwa tabu hii ni ndogo. Kuna risiti, kuna namba ya leseni, kuna akaunti. Programu huria haina risiti. Leseni yake inakuruhusu kunakili na kugawa upendavyo, haikuulizi jina, na mara nyingi haina namna ya kujua kama uliifungua hata mara moja. Kwa hiyo waliyonayo watunzaji wake ni hesabu ya upakuaji, na hesabu hiyo ndiyo inayopelekwa kwa mfadhili anayetaka kujua "mnafikia watu wangapi", kwa mwandishi wa habari, na kwa kampuni inayochagua kati ya programu mbili zinazofanana. Fedha na sifa vinaamuliwa kwa namba ambayo wengi hawajawahi kuona inavyozaliwa.

Inazaliwa hivi. Kila faili linapoombwa, seva huandika mstari mmoja: anwani ya IP iliyoomba, saa, jina la faili, namba ya jibu, ukubwa wa kilichotolewa, na utambulisho mfupi ambao kivinjari au programu iliyoomba imejitambulisha nao. Namba ya jibu ikiwa 200, seva imeanza kutoa faili zima. Ikiwa 206, kimetolewa kipande tu. Zile programu za kuharakisha upakuaji, zilizopendwa sana enzi za modemu, huligawa faili moja vipande, tuseme vinane, na kuviomba vyote kwa pamoja; karani mzembe anayehesabu kila mstari atasema wamekuja watu wanane. Vivyo hivyo kwa mtu ambaye mtandao ulimkatikia asilimia 60, ukarudi, ukakatika tena: anaweza kuacha mistari mitatu kabla hajapata faili moja zima, au akaacha mistari mitatu na asilipate kabisa. Na mstari wa 200 wenyewe hauahidi lolote la zaidi. Haujui kama faili lilifunguliwa, kama programu iliwekwa, kama ilitumika wiki nzima au ilifutwa baada ya dakika mbili.

Siku maarufu kuliko zote katika historia ya hesabu hizi ni ya kivinjari cha Firefox 3. Kati ya tarehe 17 na 18 Juni 2008, Mozilla iliwaita watu duniani kote wapakue toleo hilo ndani ya saa 24, na Guinness ikathibitisha rekodi: mara 8,002,530. Seva zilizidiwa mwanzoni kabisa, kama umati unavyozidi mlango wa uwanja. Ilikuwa kampeni nzuri, nami sina kinyongo nayo. Lakini tazama ilichokipima. Ilipima idadi ya faili zilizotolewa siku ambayo watu waliombwa wachukue faili. Aliyekuwa anatumia Linux na kungoja Firefox imfikie kupitia hifadhi ya usambazaji wake hakuingia kwenye rekodi, hata kama aliitumia kila siku kwa miaka kumi iliyofuata. Aliyeipakua kazini na nyumbani aliingia mara mbili.

Mfano ulio bora kuliko huo, kwa maoni yangu, ni wa ndugu wawili waliogombana: programu za ofisi OpenOffice na LibreOffice. Msimbo wa OpenOffice.org ulifunguliwa na kampuni ya Sun mwezi Oktoba 2000. Baada ya Oracle kuinunua Sun, sehemu kubwa ya watengenezaji walijitenga, na tarehe 28 Septemba 2010 wakaanzisha LibreOffice. Mwaka uliofuata Oracle ikaikabidhi OpenOffice kwa shirika la Apache. Tangu hapo ni programu mbili zenye shina moja, na zote huria. Apache OpenOffice ilitangaza kufikisha upakuaji milioni 100 mwaka 2014, milioni 200 mwaka 2016, na milioni 300 mwaka 2020. Ukizisoma namba hizo peke yake utadhani ni mradi unaochanua.

Sivyo. Toleo lake kubwa la mwisho, 4.1, lilitoka Aprili 2014, na tangu hapo yamekuja marekebisho madogo madogo. Hali ilifika mahali ambapo, Oktoba 2020, wale wa LibreOffice walichapisha barua ya wazi kuwasihi wenzao wa Apache wawaambie watumiaji wao kwamba kuna LibreOffice. Namba ilipanda kwa sababu jina lilikuwa limeshazoeleka. Mtu aliyesikia "OpenOffice" kwa mwalimu wake mwaka 2006 ndilo jina analoandika Google mwaka 2020. Namba ile ilikuwa inapima kumbukumbu za watu.

Tukija kwenye mgawanyo wa mifumo endeshi, sehemu kubwa mno ya upakuaji wa Apache OpenOffice ilikuwa ya Windows, na Linux ilikuwa sehemu ndogo sana. Kuna watu walioliangalia jedwali hilo wakasema: mnaona, watu wa Linux hawatumii hata programu yao wenyewe ya ofisi. Ukweli ni kinyume kabisa. Ubuntu iliingiza LibreOffice kama programu yake ya kawaida kuanzia toleo la 11.04, Aprili 2011, na usambazaji mwingine mkubwa ukafanya vivyo hivyo. Ukiweka Linux, ofisi unaikuta ndani, kama unavyohamia nyumba yenye jiko. Hakuna anayekwenda dukani kununua jiko ambalo tayari analo. Kwenye Windows kila programu ya nje inabidi ifuatwe kwenye tovuti yake, na kila anayefuata anaandikwa. Asilimia za mifumo katika jedwali la upakuaji, basi, hueleza zaidi ni watu wa mfumo gani wanaolazimika kupita pale.

Hata neno "mfumo" lenyewe katika majedwali haya lina walakini. SourceForge, ambako OpenOffice ilikuwa ikipakuliwa, huonyesha mfumo endeshi kwa kusoma utambulisho wa kivinjari kilichoomba. Mimi nikiwa ofisini kwenye Windows nikapakua faili la Mac la kumpelekea binti yangu, huo ni upakuaji wa nani? Seva itaniandika Windows. Ni kasoro ndogo, naitaja tu kwa sababu watu hupenda kubishana kuhusu tofauti ya asilimia moja.

Huku kwetu tumewahi kuwa na ofisi ya Kiswahili. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, OpenOffice iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Kumbuka intaneti ya 2004: kafe, dakika zinahesabiwa, na faili la makumi ya megabaiti ni kazi ya mchana mzima. Programu katika hali ile ilisafiri kwa CD. Canonical, watengenezaji wa Ubuntu, walikuwa hata na mpango wa kutuma CD bure kwa posta popote duniani, ShipIt, uliofungwa 2011. CD moja ikifika chuoni ilizunguka bweni zima. Leo kazi hiyo inafanywa na flashi na Xender: APK inatoka simu hadi simu kwenye daladala bila kugusa seva yoyote. Google Play nao huonyesha namba kwa mafungu tu, kama milioni 10 na zaidi, milioni 100 na zaidi, na huihesabu njia yao peke yao.

Mpaka hapa nimezungumzia programu zinazofunguliwa na mtu kwa kubofya. Kuna ulimwengu mwingine ambako namba ni kubwa mara elfu, nao ni wa vifurushi vya watengenezaji programu. (Nina maana ya vifurushi vya msimbo, sio vile vya kujiunga kwa nyota na reli.) Mtengenezaji anayetumia Python huvuta vifurushi kutoka PyPI, wa JavaScript kutoka npm. Vinara huko hutaja mamia ya mamilioni kwa mwezi. Hakuna watengenezaji mamia ya mamilioni duniani. Wanaopakua ni nani?

Chukua mtengenezaji mmoja, peke yake, chumbani kwake Mbezi. Ana programu ndogo na anataka ifanye kazi kwenye Linux, Windows na Mac, kwa matoleo matano ya Python. Kila anapopeleka mabadiliko ya msimbo, mashine za majaribio ya kiotomatiki huamka zikiwa tupu kabisa, huvuta kila kifurushi upya, hufanya majaribio, kisha hufutwa. Mifumo mitatu mara matoleo matano ni mashine 15. Akipeleka mabadiliko mara nne kwa siku ni upakuaji 60 wa kila kifurushi anachotumia. Siku tano za kazi ni 300, na mwezi wa wiki nne ni 1,200. Hajaongezeka mtumiaji hata mmoja. Tena si kifurushi kimoja: akitumia requests, kile kifurushi maarufu cha kuongea na tovuti, kinakuja na wenzake wanne, urllib3, idna, certifi na charset-normalizer. Wote wanne wanahesabiwa. Ndiyo maana majina haya, ambayo watengenezaji wengi hawajawahi kuyaandika kwa mikono yao, hukaa kileleni mwa orodha za PyPI.

Kifurushi ninachokipenda zaidi kwa kisa hiki ni six. Jina linatokana na mbili mara tatu, kwa kuwa kiliundwa ili msimbo mmoja ufanye kazi kwenye Python 2 na Python 3. Python 2 ilifikia mwisho wa matunzo tarehe 1 Januari 2020. Kazi ya six ilikwisha. Lakini kifurushi cha tarehe, python-dateutil, kinaitegemea six. Na pandas, ambayo wachambuzi wengi wa data wanaitumia, inaitegemea python-dateutil. Kila pandas inapovutwa, dateutil inavutwa, na six inakuja nyuma kama mtoto anayeshika kanga ya mama. Miaka mingi baada ya kufa kwa sababu ya kuwepo kwake imeendelea kuwa miongoni mwa vifurushi vinavyopakuliwa kupindukia duniani.

Upande wa npm kisa kinachojulikana ni cha left-pad, Machi 2016. Kilikuwa na mistari 11 ya msimbo, kazi yake kujaza nafasi upande wa kushoto wa maandishi. Mwandishi wake aligombana na wasimamizi akakiondoa, na miradi mikubwa duniani ikashindwa kujengwa kwa saa kadhaa. Mwezi uliotangulia kilikuwa kimepakuliwa karibu mara milioni 2.5. Ni wachache mno kati ya waliokipakua waliokuwa wakikijua kwa jina. Hapa ikubalike kwamba namba ile kubwa haikuwa upuuzi: ilisema kweli kwamba kuna vitu vingi vimeegemea hapa. Ilikuwa kipimo kibovu cha watumiaji na kipimo kizuri cha hatari.

Kuna jambo moja katika grafu za PyPI na npm ambalo ningemwonyesha yeyote anayetaka kuzielewa. Zina mawimbi. Jumatatu hadi Ijumaa ziko juu, Jumamosi na Jumapili zinashuka, na wiki ya Krismasi zinaporomoka. Mara ya kwanza nilichanganyikiwa: kama ni roboti, roboti zinapumzika Jumapili kwa dini gani? Jibu ni kwamba mashine za majaribio huamshwa na watu. Mtu asipopeleka msimbo, mashine hailali njaa wala haivuti kitu. Kwa hiyo kushuka kwa wikiendi ni alama ya kazi ya binadamu iliyobaki ndani ya namba ya mashine. Kifurushi chenye mstari ulionyooka siku saba bila bonde lolote kinanitia shaka. Huenda kuna seva ya nakala au kitanzi cha msimbo kinachokivuta saa zote. Kutengeneza kitanzi hicho si kazi. Mistari mitatu inatosha kukifanya kifurushi kisichojulikana kionekane maarufu, na wapo wanaofanya hivyo ili kuwanasa watu kwa programu hasidi.

PyPI wenyewe walichoshwa. Kwa miaka mingi ukurasa wa kila kifurushi ulionyesha idadi ya upakuaji. Siku hizi hauonyeshi, na ukiiuliza hifadhi hiyo moja kwa moja kwa njia ya programu, nafasi zilizokuwa za upakuaji wa siku, wiki na mwezi zinarudisha -1. Napenda ile -1. Data ghafi wameiweka wazi kwa anayetaka kuichimba mwenyewe, na humo utakuta mfumo endeshi wa kila ombi: Linux, Windows, Darwin ambayo ni Mac, na maombi mengi yasiyo na mfumo wowote. Baadhi ya hayo ya mwisho ni seva za nakala zinazojaza maghala yao. Linux inaongoza kwa mbali, na usije ukahitimisha kwamba watengenezaji wa Python wameihama Windows. Linux hapo ni mashine za majaribio na seva za kukodi. Binadamu mwenye Windows anavuta kifurushi mara moja, na mara ya pili kinatoka kwenye akiba ya kompyuta yake bila kumsumbua mtu.

Akiba hizo na seva za nakala zinafanya kazi ya kupunguza namba kimyakimya. Kampuni yenye watengenezaji 500 inaweka ghala lake la ndani, kifurushi kinatoka PyPI mara moja, na 500 wanakula humo. Docker Hub, ghala la mtandaoni la programu zilizofungashwa tayari, ilipoweka ukomo mwezi Novemba 2020, wa mivuto 100 kwa kila saa sita kwa asiyejitambulisha, ilitoa sababu nzuri kwa kampuni kuweka maghala ya aina hiyo. Hapo idadi ya mivuto ya programu inaweza kushuka na matumizi yake yasibadilike hata kidogo. Kwa lugha ya R, takwimu ambazo kila mtu ananukuu zinatoka kwenye seva moja tu kati ya nyingi za nakala zilizotapakaa duniani, iliyoanza kutoa kumbukumbu zake Oktoba 2012. Anayevuta kutoka seva nyingine haonekani.

Halafu kuna zile zisizopakuliwa kabisa. curl, iliyotolewa 1998, hubeba data ndani ya simu, televisheni, magari na michezo ya kompyuta. Windows inakuja nayo tangu 2018. Mwanzilishi wake, Daniel Stenberg, hukadiria imewekwa mahali mabilioni mengi, na anakadiria kwa kuorodhesha vifaa, maana upakuaji kwenye tovuti yake ni tone. SQLite, hifadhidata ndogo, iko ndani ya kila simu ya Android na kila iPhone. Simu uliyonayo mkononi inayo, na hukuipakua.

Kwa Afrika Mashariki mifano mizito zaidi iko hospitalini. DHIS2, mfumo huria wa takwimu za afya unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, uliwekwa nchi nzima Kenya mwaka 2011, na Tanzania, Uganda na Rwanda zinautumia. Wizara inapakua faili moja na kuliweka kwenye seva. Mhudumu wa takwimu wa wilaya anafungua kivinjari na kuingiza idadi ya watoto waliochanjwa. Nchi nzima kwa faili moja. OpenMRS, mfumo huria wa majalada ya wagonjwa ambao Eldoret ilikuwa kitovu chake kimojawapo tangu 2004 na ukaanza kutumika huko 2006, ni hivyo hivyo: idadi ya wagonjwa wenye majalada humo haina uhusiano wowote na idadi ya faili zilizotoka kwenye tovuti. Mtu akiziweka DHIS2 na VLC kwenye jedwali moja la upakuaji, jedwali hilo linafaa kufungia karanga.

Wapo waliotafuta njia nyingine. Debian, usambazaji mmojawapo wa Linux, wana popularity-contest, ambayo mwenye kompyuta huulizwa kwanza kama anakubali. Akikubali, kila wiki kompyuta hutuma orodha ya vifurushi, na hesabu hutenganisha vilivyowekwa na vilivyotumika hivi karibuni. Ukitazama safu hizo mbili kwa kifurushi kimoja unaona pengo ambalo hakuna hesabu ya upakuaji itakayokuonyesha: makumi ya maelfu wamekiweka, wachache wanakigusa. Kasoro yake ni kwamba wanaokubali ni wapenzi wa Debian, wakati seva za benki hazikubali chochote. Homebrew, njia ya kuwekea programu kwenye Mac, hutenganisha kilichoombwa kwa jina na kilichokuja kwa kumfuata mwenzake. Kipimo hicho kingemrudisha six mahali pake. Fedora, usambazaji mwingine wa Linux, kuanzia toleo la 32 mwaka 2020, wana mbinu ninayoiona ya adabu kuliko zote: mara moja kwa wiki mashine husema tu kwamba ipo na iko kundi gani la umri, wiki ya kwanza, mwezi wa kwanza, miezi sita ya kwanza, au zaidi ya hapo. Haina namba ya utambulisho. Kutokana na makundi hayo unajua wangapi walijaribu na kuondoka, na wangapi wamekaa.

Kabla ya hapo Fedora walihesabu anwani za IP zisizojirudia, na wengi bado wanafanya hivyo. Kwa msomaji wa huku njia hiyo inapaswa kumuuma. Kampuni zetu za simu huwaweka wateja wengi mno nyuma ya anwani moja, kwa sababu anwani ni chache. Mtaa mzima unaweza kuonekana kama mtu mmoja. Kwingine modemu ikizimwa na kuwashwa inapata anwani mpya, na mtu mmoja anakuwa watano kwa mwezi. Ongeza kwamba yule kijana wa Mbezi, mashine zake za majaribio ziko Marekani au Ulaya, kwa hiyo upakuaji wake 1,200 unaandikwa huko. Jedwali la nchi likisema Tanzania ni asilimia sifuri nukta kadhaa, limesema mahali seva zilipo. Nimeona jedwali la namna hiyo likitumiwa kwenye kikao kuthibitisha kwamba "soko la Afrika Mashariki bado", na hakuna aliyeuliza mashine zilikuwa wapi.

Kuna namba ninazoziamini, nazo karibu zote ni za njia moja zikilinganishwa na zenyewe. Upakuaji wa faili la Windows la toleo la leo dhidi ya faili la Windows la toleo lililopita, siku saba za kwanza. Kifurushi kwenye PyPI kikilinganishwa na mshindani wake hapo hapo PyPI, ikiwa vyote viwili vinaombwa kwa jina. Namna matoleo yanavyogawana: toleo jipya likitoka na baada ya mwezi upakuaji mwingi bado ni wa toleo la zamani, hiyo ni habari kamili, ina maana watu wamefunga milango ya mabadiliko au kuna kitu kimevunjika. Kwenye GitHub idadi ya kila faili la toleo ipo, ila haionyeshwi ukurasani. Unaichota kwa njia ya programu, na haihesabu wale wanaochukua msimbo chanzo wenyewe. Na vitu visivyo namba pia husema: ripoti za hitilafu kutoka kwa watu usiowajua, tafsiri ya lugha uliyodhani haina wasomaji, barua ya mtu anayelalamika.

Laptop yangu ilipokaribia kwisha, nilisogea nimwone fundi akiiweka VLC. Lilikuwa toleo la 3.0.8, la mwaka 2019. VLC ikifunguliwa mara ya kwanza kwenye Windows huleta kidirisha kinachouliza mambo mawili, na mojawapo ni kama iwe inaangalia matoleo mapya. Ukiacha tiki, laptop itakuja kuuliza na ukikubali itapakua yenyewe, na kila itakapopakua itaandika mstari wake mpya kwenye seva: mashine ambayo siku ya kuwekewa ilihesabiwa sifuri itahesabiwa mara tatu au nne kabla haijafa. Fundi hakukisoma kidirisha. Mkono wake ulishazoea. Aliondoa tiki, akabofya, akafunga. Nikamuuliza kwa nini.

"Bando la mteja, kaka," akasema. "Wakirudi hapa wanasema laptop inakula bando, ugomvi ni wangu."